Janet Guthrie: mwanafizikia aliyeingia NASCAR na miaka 38, akawa wa 6 Bristol, kilichomtoa ni hela

Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu. Kila ikitajwa humu habari ya wanawake kwenye mbio za magari watu wanaruka moja kwa moja kwa Danica Patrick, na Danica namheshimu sana, ila kuna mama alimtangulia kwa karibu miaka 40 ambaye kwangu mimi ndo dereva bora mwanamke aliyewahi kukalia gari la NASCAR, ukizingatia gari alizokuwa anapewa na zama alizokimbia. Anaitwa Janet Guthrie. Kinachoniuma ni vile habari yake inavyofupishwa, utasikia tu "mwanamke wa kwanza Daytona 500", ile mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, basi imeisha, kama vile alialikwa kupiga picha akarudi nyumbani. Huyu mama alikuwa anakimbia kweli kweli na wanaume waliomkataa walikuja kukiri wenyewe. Alichokosa ni mdhamini.

Kwa wasiojua, NASCAR ni yale mashindano ya Marekani ya magari ambayo kwa sura yanafanana na gari za kawaida za mtaani, Chevrolet, Ford na wenzao, ila ndani ni chuma tupu na injini kubwa ya V8. Uwanja mwingi ni wa mviringo na kona zimeinuka kama ukuta, Daytona kona zake zimelala nyuzi 31, ukisimama chini ukaangalia juu unajiuliza gari linashikaje pale. Gari la wakati ule lilikuwa na uzito wa karibu kilo 1,700, usukani hauna pawa, ndani joto la tanuri, na unakaa humo masaa manne. Sasa humo ndo alipoingia mwanamke wa miaka 38 mwaka 1976.

Nianze na alikotoka maana watu wanadhani aliokotwa barabarani. Kazaliwa 1938 Iowa City, kakulia Miami, baba yake rubani wa ndege za abiria. Akiwa na miaka 16 karuka na parachuti, 17 ana leseni ya kurusha ndege. Kasoma fizikia chuo kikuu cha Michigan kamaliza 1960, akaajiriwa kama injinia wa mambo ya anga kampuni ya Republic Aviation kule Long Island. Miaka ya 60 katikati NASA walipotafuta wanasayansi wa kuwafanya wanaanga aliomba na akapita mchujo wa kwanza, kilichomkwamisha ni hana PhD. Ndo huyu wakubwa wa mbio walikuja kusema hajui anachofanya.

Mbio kaanza na Jaguar, kanunua XK 120 iliyotumika halafu baadae XK 140 ya kukimbilia, na injini alikuwa anaifungua na kuisuka mwenyewe. Hakuwa na fundi wala hela ya fundi. Mbio za masaa 12 za Sebring alishinda daraja lake 1967 na tena 1970. Kwa hiyo anafika NASCAR ana miaka 13 hivi ya mashindano mwilini.

Naendelea, ngoja nipange.

fundi_mkuu77

Nimeweka kambi hapa. Mwanamke anaesuka injini ya Jaguar mwenyewe miaka ile, zile injini za silinda sita kamshafti mbili juu, sio mchezo hata kidogo, ukikosea taimingi valvu zinagonga pistoni unaanza upya. Tiririka mkuu.

BintiPwani

Tunasubiri. Naomba ueleze ilikuaje akatoka kwenye Jaguar akafika NASCAR, maana najua alikuwa wa Indy.

Mleta uzi

@BintiPwani hapo umenigusa penyewe.

Mwanzoni mwa 1976 kuna mtengeneza magari anaitwa Rolla Vollstedt alimpigia simu kumuuliza kama angependa kukimbia Indianapolis 500, ndo hiyo Indy, mbio za maili 500 za magari ya magurudumu wazi. Kumbuka Indy mpaka 1971 mwanamke alikuwa haruhusiwi hata kukanyaga eneo la piti (pale magari yanapohudumiwa katikati ya mbio) na gereji, iwe ni mwandishi wa habari iwe ni mwenye gari, marufuku. Sasa miaka mitano baadae mwanamke anataka kuendesha. Ikalipuka vita kwenye magazeti, madereva wakubwa wanasema hana nguvu, hana moyo, atatuua sisi wote.

Gari la Vollstedt lilikuwa zito, halifiki spidi ya kufuzu. Mwishoni kabisa A.J. Foyt, bingwa wa Indy mara tatu kwa wakati huo, akamruhusu ajaribu gari lake la akiba. Guthrie akatembea nalo maili 180.796 kwa saa, hiyo ni kama kilomita 291, spidi ambayo ingemuingiza kwenye mbio. Foyt akaamua hampi gari kwa ajili ya kufuzu. Basi akakosa. Ila kila aliyekuwa na saa mkononi aliona kuwa tatizo lilikuwa gari la kwanza wala sio dereva.

Huku Charlotte, North Carolina, kulikuwa na promota mjanja sana Humpy Wheeler, mkuu wa uwanja wa Charlotte. World 600 inafanyika wikendi hiyohiyo ya Indy. Jamaa akaona nafasi, akamtafutia gari. Likanunuliwa Chevrolet lililokuwa la huyohuyo Foyt, na mmiliki akawa mwanamama wa benki pale Charlotte anaitwa Lynda Ferreri. Tuseme ukweli, Wheeler alikuwa anauza tiketi. Lakini tiketi haikusaidii chochote ukishafunga mkanda. Hajawahi kukalia gari la NASCAR maisha yake, anapewa siku chache za kulizoea, na hizo mbio ndo ndefu kuliko zote kwenye kalenda, maili 600, raundi 400, kama kilomita 966. Kafuzu nafasi ya 27. Akamaliza wa 15. Tarehe 30 Mei 1976, mwanamke wa kwanza kukimbia kwenye vile viwanja vikubwa vya NASCAR.

Wa 15 kwenye mbio yako ya kwanza, na umemaliza! Wanaume wazoefu walikuwa wamepaki gereji injini zimekufa.

mzee_wa_rali

Salamu kutoka Nakuru. Sisi huku tumezoea Safari Rally, na hata sisi tulikuwa na wa kwetu, marehemu Orie Rogo Manduli alikimbia Safari miaka hiyohiyo ya 70 na watu walimsema vibaya sana kisa tu ni mwanamke. Lakini swali langu ndugu, hii ya kuzunguka duara kutwa nzima ugumu uko wapi? Rali una matope, una ng'ombe, una mawe. Hawa wanapinda kushoto tu.

Mleta uzi

Mzee wangu shikamoo, na asante kwa kumkumbuka mama Orie.

Ugumu wa duara ni watu. Rali unashindana na saa, unaachiwa peke yako barabarani, mwenzio yuko dakika kadhaa mbele. NASCAR mko 40 kwenye uwanja mmoja, mnaenda kilomita zaidi ya 280 kwa saa mmeachana sentimita chache. Tena Daytona mnatembea mmefuatana makusudi, maana gari la mbele linakata upepo na la nyuma linavutwa, mkiwa wawili mmeshikana mnaenda haraka kuliko mmoja akiwa peke yake. Lakini hapo kwenye upepo gari lako linapoteza mshiko, mtu akikupita kwa nje mkia unalegea bila wewe kugusa kitu. Kwa hiyo inabidi mwenzio akuamini ndo akubali kukimbia na wewe. Na mgeni anabandikwa mstari wa njano nyuma ya gari ili wote wajue huyu mpya, mkae nae kwa tahadhari. Sasa fikiria wewe ni mgeni, ni mwanamke, na wiki nzima magazeti yameandika kuwa utasababisha ajali. Nani atakubali kukuvuta? Hapo ndo alipotakiwa ajenge imani raundi kwa raundi, asiyumbe, asimkatie mtu njia, mpaka wakaanza kumzoea.

Na walimzoea. Cale Yarborough, bingwa wa 1976, 77 na 78 mfululizo, alisema hadharani hana shaka na uwezo wake wa kushindana nao na kuwa mama ameshafika. Huyo sio mtu wa kupamba maneno.

fundi_mkuu77

Hilo la kuamini ni kweli kabisa. Daytona yenyewe sasa ilikuwaje?

Mleta uzi

Daytona 500 ya Februari 1977. Kaanzia nafasi ya 39, yani karibu na mkiani kabisa. Akaanza kupanda taratibu. Zikiwa zimebaki raundi kama 10 yupo nafasi ya 8, wa nane Daytona 500 kwa timu ndogo ya mama wa benki! Halafu silinda mbili zikafa. Akabaki anasukuma injini inayokohoa, magari manne yakampita, kamaliza wa 12 na bado akawa mgeni aliyemaliza juu kuliko wageni wote siku ile. Mimi kila nikifika hapo roho inaniuma. Wa nane angeandikwa tofauti kabisa kwenye vitabu.

Mei akarudi Indy, na safari hii wakampa gari linaloeleweka. Siku ya ufunguzi alikuwa na spidi kubwa kuliko wote uwanjani, baada ya siku chache akagonga ukuta, wakalitengeneza, na wikendi ya mwisho akafuzu kwa wastani wa maili 188.403, kama kilomita 303 kwa saa. Mwanamke wa kwanza kufuzu Indy 500. Mbio yenyewe injini ilimsumbua mapema, akarekodiwa wa 29.

Hapa kuna kituko ambacho inabidi nikieleze. Indy enzi hizo kila mwaka mwenye uwanja alikuwa anatamka "mabwana, washeni injini zenu". Watu wakauliza, mwaka huu je kuna mwanamke? Uongozi ukagoma kubadili, ukasema injini haziwashwi na dereva, zinawashwa na fundi aliyesimama nyuma na mashine ya kuwashia, na mafundi wote ni wanaume kwa hiyo hakuna haja. Timu ya Guthrie walichofanya wakamweka Kay Bignotti ndo awe mwashaji wa gari lake, mwanamke. Hoja ikawa imekufa. Tony Hulman, mwenye uwanja, siku ya mbio ikabidi amtaje, akasema kwamba wakiwa pamoja na mwanamke wa kwanza kufuzu Indianapolis, mabwana washeni injini. Jibu la kiinjinia kabisa, bila kupiga kelele na mtu.

BintiPwani

Hiyo ya Kay Bignotti nimeipenda sana 👏🏾👏🏾 Nasikia pia aliwahi kukimbia amevunjika mkono?

Mleta uzi

Ndio, 1978. Baada ya kuchoka kuendesha mabaki ya watu alipata mdhamini mkubwa, Texaco, akaunda timu yake mwenyewe, kanunua gari aina ya Wildcat, kaajiri mafundi, yani mwenye timu ni yeye na dereva ni yeye. Siku mbili kabla ya mbio akaenda kwenye mechi ya tenisi ya hisani akaanguka akavunja kifundo cha mkono wa kulia. Akanyamaza, maofisa wangejua wangemzuia. Mbio nzima maili 500 anabadili gia kwa kuupitisha mkono wa kushoto ng'ambo ya pili. Akamaliza wa 9. Katika watu 33 walioanza. Ndo matokeo yaliyosimama kama bora ya mwanamke Indy mpaka Danica alipokuja kuwa wa 4 mwaka 2005.

Naomba mnisikilize hapa maana ndo moyo wa uzi wangu. Mwaka mmoja tu katika maisha yake alipewa hela inayoeleweka na gari zuri pale Indy, akaingia kumi bora akiwa na mkono mmoja. Sasa mtu anakuja kusema hakuwa na uwezo, uwezo gani mwingine unaoutaka?

kijana_wa_data

Mkuu sipingi ila nimecheki rekodi yake NASCAR, mbio 33 toka 1976 mpaka 1980, kumi bora mara 5, ushindi sifuri. Danica ana mbio 191 na alianza nafasi ya kwanza Daytona 500 ya 2013. Hauoni kama unamkuza huyu mama?

Mleta uzi

Swali zuri na nilikuwa nalisubiri.

Danica kumi bora alipata 7 katika mbio 191. Guthrie 5 katika 33. Piga hesabu mwenyewe. Danica alikuwa kwenye timu ya Stewart-Haas, moja ya timu zenye hela na injini bora kwenye uwanja, na matokeo yake ya juu kabisa ni nafasi ya 6 Atlanta mwaka 2014. Guthrie alipata hiyohiyo ya 6 Bristol Agosti 1977, kwa timu ndogo isiyoweza hata kujilinganisha na timu kubwa za wakina Petty wala Junior Johnson. Na nikwambie Bristol ni nini, ni uwanja wa nusu maili tu, mita kama 860, kona zimesimama wima, raundi 400, hakuna sehemu ya kupumzisha mikono, na usukani ule nimeshasema hauna pawa. Wale waliokuwa wanasema mwanamke hana nguvu, Bristol ndo ilikuwa mahali pa kumvunja. Akawa wa sita.

Mwaka huohuo Novemba, Ontario kule California, akaongoza mbio. Raundi 5, chini ya bendera ya njano, yani magari yote yanatembea taratibu kwa tahadhari, ndio, wengine walikuwa wameingia piti. Lakini ni mwanamke wa kwanza kuongoza raundi kwenye ligi kuu ya NASCAR na inahesabika.

Simshushi Danica. Kushika nafasi ya kwanza Daytona kwa wastani wa maili 196 kwa saa na kumaliza wa 8 ni jambo kubwa na hakuna aliyempa zawadi. Nachosema ni kwamba Guthrie angewekwa kwenye lile gari leo tungekuwa tunaongea kingine.

kijana_wa_data

Hapo kwa asilimia umenikamata, karibu 15 kwa 4. Nakubali.

mzee_wa_rali

Marahaba ndugu. Sasa kama alikuwa hivyo mdhamini alimkimbia kwanini? Huku kwetu tunajua mdhamini anafuata kamera, na huyu mama kamera zote zilikuwa zake.

Mleta uzi

Mzee ndo fumbo lenyewe hilo. Kamera zilikuwepo 1976 na 1977 kwa sababu ni kitu kipya. Akishakuwa dereva wa kawaida anaemaliza wa 10 wa 12, magazeti yakahamia kwingine. Na makampuni ya wakati ule, pombe, sigara, vipuri, mafuta, yalikuwa yanauza kwa wanaume na wakubwa wake wanaume, wanaogopa mteja atasemaje. Yale ya bidhaa za kike nayo yanasema wateja wetu hawaangalii mbio. Kote mlango umefungwa. Kelly Girl, wale wa kutafutia watu ajira za muda, walimdhamini 1977, na nadhani walipata faida kuliko walivyotoa, lakini hela yao haikuwa ya kununua injini za kushindana na Cale.

Na mbio za magari bila hela hakuna kujifunza. Mwanariadha akikosa mdhamini anaweza kukimbia barabarani asubuhi peke yake akaendelea kuwa na pumzi. Dereva akikosa gari hana pa kufanyia mazoezi, anakaa nyumbani wenzie wanazidi kunoleka kila Jumapili.

1979 pale Milwaukee kwenye gari za Indy alikuwa wa 5. 1980 akapewa gari la timu ya Osterlund Daytona 500, timu moja na kijana Dale Earnhardt ambaye alichukua ubingwa mwaka uleule, akamaliza wa 11. Gari zuri, matokeo mazuri, kila mara. Baada ya hapo hakuna. Alizunguka maofisi na makabrasha yake mpaka 1983 ndo akaacha kutafuta. Mtu aliyemaliza wa 11 Daytona na wa 9 Indy, anabisha hodi miaka mitatu hapati gari.

fundi_mkuu77

Inasikitisha sana kiukweli. Kabla yake kulikuwa na wengine lakini? Nimewahi kusikia kuna mwanamke alikimbia toka NASCAR inaanza.

Mleta uzi

Walikuwepo. Sara Christian alikuwepo kwenye mbio ya kwanza kabisa ya ligi, Charlotte Juni 1949, na Oktoba mwaka huo akawa wa 5 pale Heidelberg, Pittsburgh. Hiyo nafasi ya 5 mpaka leo hakuna mwanamke aliyeivuka kwenye ligi kuu. Louise Smith nae yumo, na Ethel Mobley ambaye Julai 1949 kwenye mchanga wa ufukwe wa Daytona alikimbia na kaka zake watatu wa ukoo wa Flock na akawaacha wawili nyuma. Baada yao pengo refu, kwenye ligi kuu wanawake wakawa wanaonekana kwa nadra sana mpaka 1976. Baada ya Guthrie tena pengo. Shawna Robinson alishinda mbio ya ligi ndogo Asheville 1988, wa kwanza kushinda mbio ya kitaifa ya NASCAR, na yeye pia hela ilimkata miguu. Ukiwafuatilia mmoja mmoja unakutana na kitu kilekile, msimu mmoja miwili ya matumaini halafu gari linapewa mtu mwingine.

BintiPwani

Na heshima yake sasa hivi ikoje, wamemkumbuka?

Mleta uzi

Kiasi. Helmeti na suti yake ya mbio ziko Smithsonian, makumbusho ya taifa ya Marekani. 2006 wakamwingiza kwenye jumba la heshima la kimataifa la michezo ya magari kule Talladega. Maisha yake kayaandika mwenyewe, kitabu kimetoka 2005, na anaandika vizuri hasa, injinia anayeeleza gari linavyolegea kwenye kona mpaka unashika kiti.

Jumba la heshima la NASCAR lenyewe lilimpa tuzo ya Landmark 2024. Ila hiyo tuzo ni ya waliochangia mchezo, wanapewa mapromota, viongozi, watu wa namna hiyo, haihesabiki kama dereva aliyeingizwa. Nilifurahi alivyoipata, na bado msimamo wangu ni kwamba jina lake lilistahili kupigiwa kura kwenye orodha ya madereva.